Kahawa ya Umatengo: Namna Kazi ya Mkulima Ionekanavyo Kikombeni

Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni kweli katika mambo mengi, lakini mkulima wa kahawa ana haki ya kuitilia shaka kidogo. Punje za kahawa njema na punje za kahawa mbaya, zikiisha kukobolewa, hufanana sana machoni pa mtu asiye mzoefu: zote ni za kijani kilichofifia, zote ni ngumu, zote hazina harufu ya kumvuta mtu. Tofauti zake hujulikana siku ile zikaangwapo, zikasagwa, zikatiwa maji ya moto na kuonjwa. Na siku hiyo mara nyingi mkulima yuko mbali, wala hayasikii yasemwayo juu ya kazi yake. Kusudi la makala hii ni kumweleza msomaji jinsi ladha ile ipatikanavyo, tangu udongo mpaka kikombe, na kwa nini yeye aliyeitengeneza hana budi kuijua mwenyewe.

Sisi tukaao Bombambili, katika mji wa Songea, hatuioni mibuni milangoni petu kama waionavyo Wamatengo. Lakini mtu akishika njia ya magharibi kutoka mjini, baada ya kilomita mia hivi hufika Mbinga, na hapo huanza milima ambayo kahawa yake ndiyo fahari ya mkoa wa Ruvuma. Jina la Bombambili humkumbusha mgeni habari ya maji. Nayo maji, kama tutakavyoona, ndiyo nusu ya habari ya kahawa njema.

I. Majina

Ni vizuri tuanze na maneno, kwa maana maneno yenyewe yafundisha kazi. "Kahawa" na "buni" yote mawili yametoka katika Kiarabu: la kwanza lilikuwa jina la kinywaji, la pili jina la tunda na mbegu yake. Kutokana na "buni" Waswahili wakafanya "mbuni", yaani mti, na wingi wake "mibuni". Wako wanaocheka kwamba mti huu una jina moja na yule ndege mkubwa asiyeruka. Lakini sarufi haimwachi msikilizaji apotee. Asemaye "mbuni umestawi" asema habari za shamba, na asemaye "mbuni amestawi" asema habari za ndege.

Mkulima huyagawa majina haya kwa uangalifu zaidi kuliko mnywaji. Tunda likikaushwa zima pamoja na ngozi yake, huitwa buni. Likimenywa lingali bichi, likaoshwa na kukaushwa katika ganda lake jembamba la ndani, huitwa kahawa ya maganda. Ganda hilo likiisha kuondolewa kinuni, huitwa kahawa safi. Angalia pia vitenzi: tunda "humenywa" kama ndizi, bali ganda kavu "hukobolewa" kama mpunga. Mwenye kuyachanganya maneno haya mawili hajapata kuifanya kazi yenyewe.

Kadhalika lugha yetu ni tajiri wa maneno ya ladha, ingawa tunayatumia kwa uvivu, tukiita kila kitu "kikali". Ugwadu ni ule ukali mtamu wa chungwa, wa ukwaju au wa nanasi, uamshao ulimi. Uchachu ni ukali wa kitu kilichochacha, kama uji au wali uliolala. Ukakasi ni ule ugumu unaokwaruza kinywa, kama mtu alaye ndizi mbichi au bibo la korosho. Uchungu ni wa dawa na wa kitu kilichoungua. Maneno haya manne yakishikwa sawasawa, nusu ya elimu ya waonjaji wa kahawa imekwisha kupatikana. Ugwadu katika kahawa ni sifa. Uchachu ni kosa la mtengenezaji. Ukakasi ni kosa la mchumaji. Na uchungu uliozidi mara nyingi ni kosa la mkaangaji.

II. Asili na desturi

Mti wa kahawa iitwayo arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Watu wa Yemeni walikuwa wakinywa kahawa katika karne ya 15. Mwaka 1715 Wafaransa waliipeleka kahawa ya Yemeni katika kisiwa cha Réunion, wakati ule kikiitwa Bourbon. Na wamisionari waliotoka kisiwa hicho wakaja Unguja mwaka 1863, kisha Bagamoyo mwaka 1868. Baadaye walifika Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro, wakapanda kahawa huko. Ndiyo maana mpaka leo jina la Bourbon husikika katika mashamba ya Tanzania.

Bukoba habari ni nyingine. Wahaya walikuwa na kahawa yao ya robusta tangu kabla ya wageni, wala hawakuinywa. Waliyachemsha matunda pamoja na majani ya harufu, wakayakausha, wakayatafuna na kuwakaribisha wageni kwayo. Tena watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili za tunda moja zilizotiwa damu. Desturi hiyo yatuonyesha kwamba kahawa ilikuwa kitu cha uaminifu kabla haijawa kitu cha fedha.

Umatengo kahawa ni ngeni kuliko huko kote. Ilianza kupandwa katika miaka ya 1920. Lakini iliwakuta watu wenye elimu ya udongo ya zamani sana. Mmatengo hulima kwa ngoro: hukata majani, huyapanga mraba mraba juu ya mteremko, kisha huyafunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kuteremka kwa nguvu na kuuchukua udongo, na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Ngoro ni ya mahindi, ya maharagwe na ya ngano. Mibuni hupandwa mahali pake, mara nyingi karibu na nyumba. Hata hivyo kahawa hupata faida kwa ngoro, kwa kuwa nyumba yenye chakula ghalani haina haja ya kuchuma matunda mabichi ili ipate fedha ya unga.

III. Mahali na mti

Jambo la kwanza lifanyalo ladha ni baridi. Mtu apandapo mlima, kwa kila mita 100 joto hupungua kadiri ya sehemu sita za kumi za digrii moja. Katika nchi ya joto tunda la mbuni huiva upesi. Mlimani huchelewa, na tangu ua mpaka kuiva huweza kupita miezi saba hata tisa. Katika muda huo mrefu punje hujaa taratibu, ikawa nzito na ngumu, nayo huweka akiba ya vitu ambavyo moto wa kikaango utavigeuza kuwa harufu na utamu. Ugwadu mwema wa kahawa ya mlimani watoka hapo.

Lakini mlima peke yake hautoshi. Mbuni uliobeba matunda mengi kuliko majani yawezayo kuyalisha hutoa punje hafifu, na kinywaji chake huwa chepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Kwa hiyo mkulima hupogoa, ili nguvu ya mti isitawanyike katika matawi yasiyo na faida na mwanga upate kuingia. Hutandaza majani makavu chini ya mti, ili unyevu usipotee wakati wa kiangazi. Hutia samadi. Tena huacha miti michache ya kivuli, kwa maana jua likizidi, tunda huiva ngozi kabla punje haijakomaa.

Maradhi nayo yana sehemu yake katika ladha. Kutu ya majani huufanya mti upukutike majani, na mti usio na majani hauwezi kuivisha matunda yake. Chule buni hulioza tunda lingali changa. Mdudu aina ya kunguni afyonzaye matunda huacha njia ya uozo kuingia. Katika Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki kasoro hiyo yajulikana sana, kwa kuwa kikombe chake hunuka viazi vibichi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao makuu Lyamungu, imetoa miche ihimiliyo kutu na chule buni, nayo ina kituo chake Ugano, katika wilaya ya Mbinga. Mkulima apandaye miche hiyo hupunguza gharama ya dawa. Bali ladha itategemea bado mikono yake.

IV. Kuchuma

Ladha iliyoletwa na mlima haiwezi kuongezwa baada ya tunda kuchumwa. Yaweza kutunzwa tu, au kupotezwa. Kwa hiyo kuchuma ni kazi kubwa kuliko ionekanavyo.

Matunda ya tawi moja hayaivi siku moja. Katika tawi hilo hilo hupatikana tunda jekundu, tunda la manjano na tunda la kijani. Mchumaji mwema huchagua mekundu tu, akarudi baada ya wiki moja au mbili, na tena, mpaka mti umalizike. Mchumaji mwenye haraka hushika tawi akalikamua lote kwa mkono mmoja. Kikapu chake hujaa mapema, lakini amechuma kosa pamoja na sifa: tunda bichi halina sukari ya kutosha, nalo huleta ukakasi na ladha ya majani, tunda lililopitiliza mtini limekwisha kuanza kuchacha.

Mavuno yakifika nyumbani, humiminwa katika chombo cha maji. Matunda mazima yenye punje nzito huzama. Yaliyotobolewa na wadudu, yaliyokauka na yenye punje moja hafifu huelea, yakaopolewa na kuwekwa kando. Jaribio hili halina gharama yoyote ila ndoo na maji, tena huonyesha mengi kuliko jicho.

V. Kumenya, kuvundika na kuosha

Matunda yaliyochumwa asubuhi yamenywe siku ile ile. Yakilala guniani, joto hupanda ndani yake, na uchachu huanza kabla mwenyewe hajatambua. Mashine ya kumenyea huondoa ngozi nyekundu. Punje hutoka mbili mbili zikiwa zimefunikwa na utelezi ambao maji matupu hayawezi kuuondoa. Basi huwekwa katika birika au chombo safi, zikavundikwa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vya jamaa ya vile viumuavyo pombe na mkate, huula utelezi ule na kuulegeza.

Muda wake hauna sheria moja. Mahali pa joto saa 12 zaweza kutosha. Mlimani penye baridi huweza kufika saa 36. Mkulima asitazame saa tu, bali atie mkono. Punje zikisuguliwa zikiteleza, bado; zikikwaruza kama changarawe, zimekuwa tayari. Zikipita hapo huanza kunuka, na kosa hili halina dawa. Punje chache zilizooza zaharibu kikombe kizima, kama wasemavyo watu: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kisha huoshwa kwa maji safi, yakabadilishwa mpaka yawe meupe. Punje nyepesi huelea tena, zikatengwa kwa mara ya pili. Maji machafu yasirudishwe mtoni, kwa sababu utelezi ule hula hewa ya maji na kuua samaki, tena jirani aliye chini naye ana birika lake. Yachimbiwe shimo mbali na kijito.

Wako wasemao kwamba kahawa iliyooshwa ndiyo njema, na buni ni kahawa ya ovyo. Hapa inafaa kupambanua. Katika nchi yetu buni imepata jina baya kwa kuwa mara nyingi hufanywa kwa mabaki: matunda yaliyoelea, yaliyookotwa chini, yaliyokaukia mtini. Lakini watu wa Yemeni na wa sehemu nyingi za Ethiopia hukausha matunda mazima tangu zamani, tena matunda mabivu yaliyochaguliwa, na kikombe chake ni kizito, chenye harufu ya matunda, nacho huuzwa kwa bei kubwa. Kuosha huipa kahawa usafi na ugwadu ulio wazi; kukausha nzima huipa uzito na utamu. Kosa haliko katika njia. Liko katika kuichukua njia ya pili kama jalala la njia ya kwanza.

VI. Kukausha na kuhifadhi

Punje itokapo katika maji, nusu ya uzito wake na zaidi yaweza kuwa maji. Hupaswa kushushwa mpaka asilimia 11 hivi. Kazi hiyo hufanyika juu ya vichanja vya wavu, ili hewa ipite juu na chini. Punje hutandazwa nyembamba, hugeuzwa mara nyingi, hufunikwa jua la mchana likizidi ukali, na hufunikwa tena usiku zisipate umande. Kwa njia hiyo huchukua wiki moja hata mbili. Umatengo una bahati hapa, kwa kuwa mavuno huangukia wakati wa kiangazi.

Ikikaushwa kwa haraka, ganda hupasuka na punje hukauka nje ikabaki mbichi ndani. Ikicheleweshwa, huota ukungu. Ikianikwa chini juu ya udongo, hunywa harufu ya udongo. Maana kahawa hunywa harufu kama pamba inywavyo maji: ghala lenye mafuta ya taa, vitunguu, samaki au mbolea litajulikana na mwonjaji aliye ng'ambo ya bahari, asiyepata kuliona ghala hilo maishani mwake. Kahawa iwekwe katika magunia safi, juu ya mbao, mbali na ukuta.

VII. Kuonja

Waonjaji hufanya kazi kwa kanuni. Hukaanga kahawa kidogo bila kuiunguza, huisaga, huweka gramu 8 na robo kwa kila mililita 150 za maji yenye joto la digrii 93 hivi. Baada ya dakika nne huvunja tabaka la juu kwa kijiko huku wakinusa, kisha huvuta kwa sauti kubwa ambayo nyumbani ingemfanya mtoto akemewe. Huandaa vikombe vitano vya kahawa moja, ili kama kimoja ni kibaya kijulikane. Hutoa alama kwa harufu, ugwadu, utamu, uzito na usafi. Na kwa desturi iliyoenea duniani, kahawa ipatayo alama 80 na zaidi katika 100 ndiyo iitwayo kahawa teule.

Kahawa ya baraza zetu za pwani, ile ya dele na kashata, pengine na tangawizi, ina heshima yake, wala hatuitukani. Lakini hukaangwa mpaka ikaribie weusi, na moto mkali huzisawazisha zote: njema na mbaya huwa chungu sawasawa. Ndiyo sababu mtu aweza kunywa kahawa miaka 40 asijue tofauti hizi.

Mkulima atakaye kuhakikisha maneno haya na afanye jaribio. Achukue matunda ya shamba lake kwa mafungu matatu: la kwanza mekundu matupu, yaliyomenywa siku ile ile, la pili yaliyokamuliwa mabichi kwa mabivu, la tatu mekundu yaliyolala guniani siku mbili. Ayatengeneze mbalimbali, akaange kila fungu katika chungu mpaka rangi ya kahawia tu, asage, atie maji, anywe bila sukari. Hatahitaji mwalimu. Katika kikombe cha pili atakuta ukakasi, katika cha tatu uchachu, na katika cha kwanza atauonja mlima wake.

VIII. Deni

Msomaji atauliza: ikiwa mambo haya ni rahisi hivi, kwa nini hayafanywi na wote? Jibu si ujinga. Kuchuma mara tatu ni kazi mara tatu. Kama mnunuzi hutoa bei moja kwa kila kilo, aliye mwangalifu amejichosha bure. Bei yenyewe haikai mahali pamoja: mapatano ya mataifa yaliyoanza mwaka 1962, yaliyogawa kiasi cha kuuza kwa kila nchi, yalivunjika Julai 1989, na bei ikaanguka duniani kote, wakulima wengi wa Umatengo na kwingineko waliitelekeza mibuni yao.

Tena liko deni. Wakati wa njaa, kahawa ingali ua au tunda changa, mkulima huchukua fedha kwa mtu, akaahidi kulipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa kiasi kizidicho sana fedha aliyopewa. Mbinga mkopo wa namna hii huitwa magoma. Kagera huitwa butura. Aliyekopesha hupokea kwa debe au kwa kilo, wala haonji. Basi aliyekwisha kuuza mavuno yake kabla hayajaiva ana sababu gani ya kungoja wekundu wa tunda? Hapo methali yetu ya mwanzo hukwama: chema hakiwezi kujiuza ikiwa kimekwisha kuuzwa kabla ya kuwa chema.

Kwa hiyo anayetaka kahawa njema asihubiri usafi wa birika tu. Dawa ya deni ni akiba na chama. Vyama vya msingi vyenye mashine ya kumenyea ya pamoja vyaweza kukataa matunda mabichi mlangoni, kuuza fungu moja kubwa la namna moja, na kumlipa mwanachama kwa kadiri ya ubora. Katika mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe kwa njia ya vyama vya ushirika. Lakini agizo halifanyi uaminifu. Katika birika la pamoja, aliyeleta matunda yaliyolala amemharibia jirani yake aliyeamka alfajiri, na hakuna mashine iwezayo kuzitenga kazi zao tena. Wahaya wa kale walijua kwamba punje mbili hutoka katika tunda moja, na waligawana hizo kuwa ahadi.

Neno la mwisho ni hili. Kila chama kiwe na sufuria ya kukaangia, kinu cha kusagia na vikombe, na kila mwaka kabla ya kuuza, wanachama waketi waonje kahawa yao wenyewe. Mwenye kuijua ladha ya kazi yake ataweza kusimama mbele ya mnunuzi na kutaja bei. Asiyeijua hupokea atakachopewa.